SOMO LETU: MALI ILIYOWEKWA AMANA — JE, WATOTO WANAWEZA KUIFUNGUA BAADA YA MWENYEWE KUFA?

Ndugu wafanyakazi,

Katika matawi yetu ya Busia na Tororo, na hasa kwa ndugu wanaotoka Sop Sop, swali moja linarudi kila mara. Mzee amefanya kazi kiwandani au shambani maisha yake yote. Alipoona nguvu zinakwisha, akaenda kwa wakili, akaandika hati, akaweka shamba na pesa zake mikononi mwa watu wawili anaowaamini, wazitunze kwa ajili ya watoto. Katika hati akaandika kwamba jambo hilo halitenguki. Sasa mzee amekufa. Watoto wamekua, wana wake na waume na madeni yao. Wakienda kwa wale watu wawili wanajibiwa: "Marehemu alisema mpaka mwaka fulani. Neno la maiti halibadilishwi."

Je, ni kweli? Katika somo hili tutajibu polepole, maana wengi wamepoteza haki yao kwa kutojua, na wengine wamewadhulumu watoto wadogo kwa kujua nusu tu.

Jibu kwa kifupi ni hili: mara nyingine amana ya namna hiyo inaweza kumalizwa hata kama mwenyewe alisema haitenguki, na hata kama amekwisha kufa. Lakini ni lazima wenye haki WOTE wawe watu wazima, wenye akili timamu, na wakubaliane WOTE. Akikosekana mmoja tu, mlango haufunguki kwa mikono yenu. Hapo ni lazima kwenda kortini.

1. AMANA NI NINI?

Katika amana kuna watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mweka amana, yaani mwenye mali aliyeitoa. Wa pili ni wadhamini, wanaoishika na kuitunza. Majina yao ndiyo yanayoandikwa kwenye hati ya shamba au kwenye akaunti ya benki, lakini mali si yao ya kula. Wa tatu ni wanufaika, yaani wale ambao mali imewekwa kwa ajili yao.

Amana isiyotenguka ni ile ambayo mweka amana hakujibakizia nguvu ya kuirudisha. Akishatia sahihi, mali imetoka mkononi mwake. Kwa hiyo hata siku anapokufa, mali ile haimo katika mirathi yake. Ndugu wa marehemu hawawezi kuja matangani na kusema, "Tugawane shamba la kaka yetu." Shamba halikuwa la kaka yao tena. Ni la wale waliotajwa katika hati.

Msichanganye amana na wasia. Wasia mtu anaweza kuubadili mpaka siku ya kufa. Tena msiichanganye na usimamizi wa mirathi, ambapo korti inampa mtu karatasi ya kukusanya na kugawa mali ya aliyekufa. Ila mambo haya hukutana: wasia unaweza kuanzisha amana, na mtoto mdogo akirithi, fungu lake hushikwa kama amana mpaka akue.

2. KESI YA KIJANA VAUTIER, MWAKA 1841

Sheria tunayoieleza ilitoka Uingereza. Mtu mmoja aitwaye Richard Wright aliacha katika wasia wake hisa za kampuni ya East India za paundi 2,000. Aliwaambia wadhamini wazishike kwa ajili ya kijana wa ukoo wake, Daniel Wright Vautier. Faida ya kila mwaka iongezwe juu ya mtaji, na kijana akifika miaka 25 apewe vyote pamoja.

Kijana akafika miaka 21, ambao kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule ndio ulikuwa utu uzima. Alitaka kuoa na kuanza maisha, akaenda kortini kudai mali yake. Korti ikauliza: kama kijana huyu atazuiwa kwa miaka minne, ni nani mwingine atakayefaidika? Hakuna. Mali yote ni yake, na faida yote ni yake. Basi kufuli lile halimlindi mtu yeyote. Mwaka 1841 korti ikaamua apewe.

Kesi hiyo inaitwa Saunders na Vautier, na kila wakili wa Nairobi au Kampala anaijua. Inatuhusuje sisi? Wakoloni walipotawala walileta sheria zao. Kwa Kenya zililetwa kanuni za korti za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na kwa Uganda tarehe 11 Agosti 1902. Kesi ya 1841 ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla ya tarehe zote mbili. Baada ya uhuru nchi zote mbili zilibakiza kanuni hizo za haki katika sheria zao, pale ambapo Bunge halikuweka sheria nyingine. Ndiyo sababu kanuni hii inafuatwa pande zote mbili za mpaka.

3. MASHARTI MATATU

Shikeni masharti haya kama mnavyoshika namba zenu za kazi.

Sharti la kwanza: wanufaika wote wawe watu wazima. Leo, Kenya na Uganda, mtu mzima ni mwenye miaka 18. Mama au mjomba hawezi kutia sahihi kwa niaba ya mtoto ili kuvunja amana.

Sharti la pili: wote wawe na akili timamu, na wakubali kwa hiari. Sahihi iliyopatikana kwa vitisho, kwa pombe au kwa kumficha mtu hesabu, inaweza kupingwa baadaye. Mzee asiyejua kusoma asomewe hati nzima katika lugha anayoielewa, iwe Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia au Kiswahili, kabla ya kuweka dole gumba.

Sharti la tatu: wakiwekwa pamoja, wawe ndio wenye mali YOTE. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Someni hati mpaka mstari wa mwisho na mhesabu kila mtu mwenye haki, hata iwe ndogo. Je, mjane ameandikiwa akae katika nyumba mpaka afe? Naye yumo, bila sahihi yake hamwendi. Je, imeandikwa kwamba mtoto akifa kabla ya muda fungu lake liende kanisani au kwa shangazi? Nao wamo. Je, imeandikwa "na wajukuu zangu"? Basi yumo hata mjukuu ambaye hajazaliwa, na mtu ambaye hajazaliwa hatii sahihi.

4. MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe. Mzee wa Sop Sop alifanya kazi miaka 30. Aliweka amana: ekari sita upande wa Tororo, na pesa katika benki upande wa Kenya. Wadhamini ni ndugu yake na mwalimu mstaafu. Hati inasema: mali ni ya watoto wangu watatu kwa mafungu sawa, lakini isigawanywe mpaka kitinda mimba afike miaka 30. Mzee amefariki. Wa kwanza ana miaka 34, wa kati 27, kitinda mimba 19.

Je, wanaweza kuimaliza leo? Ndiyo. Wote wamepita 18, wana akili zao, na hakuna mtu wa nne katika hati. Wakikubaliana wote watatu, wadhamini hawawezi kuwazuia kwa kusema kwamba miaka 30 haijafika.

Sasa tubadilishe mambo kidogo.

Kitinda mimba ana miaka 15. Hapo hapana. Wale wakubwa wawili hawawezi kuimaliza amana nzima. Mkubwa anaweza kudai fungu lake la pesa za benki, kama ni lake kabisa na kulitoa hakuwapunguzii wengine, kwa kuwa pesa hugawanyika bila kuharibika. Shamba ni jambo jingine. Kukata kipande kunaweza kupunguza thamani ya kile kinachobaki, kwa hiyo kwa kawaida mwenye fungu la shamba hungoja mpaka wakati wa kugawa kwa wote, au mpaka korti iseme.

Kitinda mimba ana miaka 19, lakini hati inasema: "wale watakaofika miaka 30 WAKIWA HAI, na asiyefika, fungu lake liende kwa watoto wa dada yangu." Maneno machache tu, lakini jambo limegeuka. Wa kati na kitinda mimba hawajawa na haki kamili, maana wanaweza kufa kabla. Watoto wa dada nao wana haki inayongoja. Bila wao wote, wakiwa watu wazima, amana haifunguki.

Mmoja wa watoto alikwenda Nairobi miaka mingi iliyopita na hajulikani aliko. Hapo pia hapana. Kutoonekana si kukubali. Atafutwe, na asipopatikana korti iombwe maelekezo.

Mnaona basi, ndugu: kabla ya kuuliza "tutagawaje?", ulizeni kwanza "ni nani aliyemo?"

5. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, pateni nakala ya hati ya amana. Msitegemee maneno ya mtu.

Pili, dai hesabu. Mdhamini ana wajibu wa kuweka hesabu na kuwaonyesha wanufaika: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, andikeni orodha ya wote wenye haki, pamoja na umri wao na vitambulisho vyao. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya ubatizo itafutwe mapema.

Nne, jueni madeni. Kodi, gharama halali za wadhamini na deni lolote lililo juu ya mali hutolewa kabla ya kugawana.

Tano, andikeni mapatano. Kila mmoja ajue anachopata na anachoacha. Kama mmoja anaachia sehemu yake, huyo awe na mshauri wake mwenyewe, asiongozwe na wakili wa kaka mkubwa.

Sita, waandikieni wadhamini barua mkiwa wote pamoja, mkiwataka wakabidhi mali. Bakizeni nakala yenye tarehe.

Saba, makabidhiano. Pesa zitoke benki kwa karatasi, si kwa mkono. Shamba libadilishwe jina katika ofisi ya ardhi. Upande wa Kenya, kama ni shamba la kilimo, ulizeni kwanza kuhusu ruhusa ya bodi inayosimamia mauzo na mgawo wa mashamba, kwa sababu pale ambapo ruhusa inatakiwa na haikutolewa, mapatano huwa bure. Mkishapokea, wapeni wadhamini hati ya kuwaachilia. Nao ni haki yao kulindwa wakifanya kazi kwa uaminifu.

Wadhamini wakikataa, au mkisikia wanataka kuuza, wekeni zuio kwenye hati ya shamba katika ofisi ya ardhi. Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu mwenye haki kufanya hivyo. Kisha nendeni kortini. Kwa shamba, korti ni ya nchi lilipo shamba. Shamba la Sop Sop halihukumiwi Busia ya Kenya, wala shamba la Teso ya Kenya halihukumiwi Tororo. Jambo hili linatusumbua kwa sababu jamaa zetu wako pande zote mbili. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na mpaka huo ukawaacha Wateso na Wasamia wakiwa nchi mbili. Kama ni mirathi, karatasi ya usimamizi iliyotolewa nchi moja inaweza kupelekwa korti ya nchi ya pili ipigwe muhuri, ndipo itumike kule.

Msikae mno. Kama mdhamini amefanya udanganyifu, au bado anaishikilia mali yenyewe, muda wa kumshitaki haufungwi. Lakini makosa mengine ya mdhamini yana kikomo cha miaka 6 Kenya na Uganda.

6. KAMA KUNA MTOTO MDOGO

Wengi wanaotaka kuvunja amana yenye mtoto wanasema wanahitaji karo. Lakini hakuna haja ya kubomoa ghala ili kutoa debe moja la mahindi. Sheria za wadhamini za nchi zote mbili zinawaruhusu wadhamini kutoa pesa kwa matunzo na elimu ya mtoto, isipokuwa kama hati inakataza. Andikeni barua ya kuomba karo, mtie hesabu ya shule.

Kama taabu ni mdhamini mbaya, ombeni korti imwondoe na kuweka mwingine. Amana inabaki, mwizi anatoka. Upande wa Kenya, sheria ya urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inasema kwamba mtu akifa bila wasia na mali ikabaki kushikwa kwa ajili ya mtoto, msimamizi mmoja peke yake hatoshi: wawe wawili, isipokuwa kama ni ofisi ya serikali ya Mdhamini wa Umma au shirika lililoruhusiwa. Mkiona baba mdogo amepewa karatasi peke yake na kuna yatima, ulizeni. Uganda nako kuna ofisi ya Administreta Jenerali, inayosimamia mirathi na kupokea malalamiko ya warithi.

7. PESA ZA UZEENI NI AMANA YA NAMNA NYINGINE

Ndugu wengi hawajui kwamba mfuko wa uzeeni wa kampuni nao ni amana. Kenya, sheria ya mafao ya uzeeni ya mwaka 1997 inataka mfuko kama huo uwe katika amana isiyotenguka, ili mwajiri asichote pesa za wafanyakazi siku biashara ikimwendea vibaya. Amana hiyo haivunjwi kwa ufunguo wa Vautier. Ina sheria yake ya kuifunga na kulipa.

Mwanachama akifa, pesa hizo haziingii katika mirathi. Wadhamini wa mfuko huzilipa kwa kufuata kanuni za mfuko, wakitazama fomu ambayo marehemu aliijaza kutaja watu wake. Kwa hiyo fomu ile ni kubwa kuliko maneno ya matangani. Kama uliijaza ukiwa kapera na sasa una mke na watoto wanne, nenda ukaijaze upya wiki hii. Fungu la mtoto mdogo huweza kuwekwa katika amana mpaka afike miaka 18. Siku hiyo mtoto aende adai hesabu na pesa zake, maana muda umekwisha. Asipolipwa, kuna mamlaka ya kupokea malalamiko: RBA kwa Kenya, na kwa Uganda URBRA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011.

8. SHAMBA LENYE JINA LA BABA MKUBWA

Kuna amana nyingine isiyo na hati. Wakati mashamba ya Kenya yalipopimwa, familia nyingi ziliandikisha jina la mtu mmoja kwa niaba ya wote. Akifa, watoto wake husema, "Hati ina jina la baba yetu." Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari, ilisema kwamba amana ya kimila inatambuliwa hata kama haikuandikwa katika hati. Lakini mdai alete ushahidi: kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo au ya familia, kwamba yeye ni wa familia hiyo, na kwamba angaliweza kuandikishwa kama si mambo ya wakati ule. Korti ikiridhika, inaweza kuimaliza amana hiyo na kuamuru kila mmoja apewe hati yake. Wazee wanaojua mipaka wachukuliwe maneno yao mapema, kabla hawajatutoka.

MWISHO

Ndugu wafanyakazi, kanuni hii ya 1841 haikutungwa kwa ajili ya vibarua, lakini sisi tunaielewa kuliko wengine. Mmoja akienda peke yake kwa mdhamini, anafukuzwa. Wakienda wote na karatasi moja, mdhamini anafungua sanduku. Na pale ambapo mmoja wetu ni mdogo mno kujisemea, umoja maana yake si kumruka. Maana yake ni kumngoja.

Jihadharini na dalali anayesema atavunja amana kwa siku mbili akipewa robo ya shamba. Leteni hati tawini kwanza, tuisome pamoja, kisha twende kwa wakili.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Hati inasema "kwa mke wangu maisha yake yote, kisha kwa watoto wangu." Watoto wote ni watu wazima, mama yu hai. Ni nani lazima atie sahihi?

2. Wadhamini wanasema hawana hesabu kwa sababu marehemu aliwaamini. Mtafanya nini kwanza?

3. Ni wangapi katika tawi letu wanaokumbuka ni majina ya nani waliyoyaandika katika fomu ya mfuko wa uzeeni? Wasiokumbuka waandikwe, waende ofisini pamoja na mwakilishi wa tawi.

Umoja ni nguvu.